Onyo la Betri

Hakuna mtu apendaye kuonywa. Sifa tunazipokea kwa mikono miwili hata zikiwa si zetu. Onyo tunalipokea kwa uso uliokunjamana hata likiwa la kweli. Mwonyaji akiwa mzazi tunamwona mkali. Akiwa rafiki tunamwona mwenye kijicho. Na akiwa chombo tu, kisichokuwa na ulimi wala chuki, tunatafuta njia ya kukiziba kinywa. Msomaji, nataka kukusimulia habari ya chombo kilichonionya kwa muda wa miezi minne, jinsi nilivyokinyamazisha, na hasara iliyofuata. Hasara hiyo haikuniangukia mimi niliyeistahili. Ilimwangukia mtu mwingine, na ndiyo sababu haijanitoka moyoni.

Makao yangu ni Iftin, katika mji wa Garissa. Neno hilo katika lugha ya Kisomali maana yake ni nuru, nalo ni jina linalofaa mahali ambapo jua halijui ubahili. Mwaka 2019 ulizinduliwa nje ya mji wetu mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 50, ambao paneli zake zapita 200,000. Mtu asiyetujua angedhani kuwa sisi hatukai gizani kamwe. Lakini jua huchwa kwetu kama lichwavyo kwingineko, na nyaya za umeme hukatika kwetu kama zikatikavyo kwingineko. Stima ipoteapo usiku, mtu hubaki na kile alichokiweka akiba ndani ya betri yake, wala hana zaidi.

Chombo ninachokisimulia ni kipakatalishi, yaani tarakilishi ndogo ya kupakatwa mapajani. Nilikinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihama, nacho kilikuwa kimekwisha kutumika kwa miaka sita. Bawaba yake moja ilikuwa imelegea, na herufi kadhaa zilikuwa zimefutika juu ya vibonye vyake; lakini kiliandika na kutuma barua, nami sikuwa na haja ya zaidi. Nilikitumia kutayarisha masomo. Majirani walipojua kuwa ninacho, mlango wangu ukawa kama afisi ndogo. Kijana huyu alitaka barua ya kuomba kazi. Mzee yule alitaka hesabu ya mbuzi aliowauza iandikwe vizuri. Mzazi mwingine alitaka fomu ya msaada wa karo ijazwe na kutumwa. Ada sikutoza. Heshima niliipokea, na sikufikiri wakati ule kuwa heshima nayo ni deni.

Onyo lilianza katika kiangazi kile kikali cha mwanzo wa mwaka ambacho Wasomali hukiita jilaal. Taa ndogo ya rangi ya chungwa iliyo ubavuni mwa mashine ilianza kupepesa, na juu ya kiwambo yakatokea maneno ya kwamba betri iko chini, niunganishe chaja. Nilitazama waya, chaja ilikuwa imeunganishwa. Nilitazama picha ndogo ya betri pembeni mwa kiwambo; ilisema asilimia 58. Basi nikawa na mashahidi wawili wanaopingana. Mmoja alisema akiba inakwisha. Wa pili alisema akiba imepita nusu. Hakimu mwenye busara angewahoji wote wawili. Mimi nilimwamini yule aliyenipendeza.

Kesho yake onyo lilirudi, na kesho kutwa pia. Kila lilipotokea nililiondoa kwa kubonyeza, kama mtu afukuzaye nzi usoni. Ulipofika mwezi wa tatu lilikuwa likitokea mara kumi kwa siku. Ndipo, badala ya kuuliza linatoka wapi, nikauliza linazimwa wapi. Nilitafuta katika programu iliyokuja na mashine, nikapata mahali pa kuzuia maonyo ya betri, nikayazuia. Taa ile ya chungwa niliifunika kwa kipande cha plasta ya kidonda. Nikastarehe. Kimya kile nilikiita matengenezo.

Jirani yangu mmoja, mjane auzaye maziwa ya ngamia, alikuwa na binti katika kidato cha pili, na karo ya muhula ilikuwa haijalipwa. Palikuwa na mfuko mmoja uliotoa msaada wa karo, ambao maombi yake yalipokewa kwa mtandao mpaka saa sita ya usiku wa siku iliyotajwa. Mama huyo aliniletea karatasi zote siku tatu mapema: cheti cha kuzaliwa cha binti, cheti cha kifo cha baba, barua ya shule, na matokeo ya mtihani. Nilizipiga picha, nikazihifadhi katika mashine, nikamrudishia karatasi zake, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Siku ya kwanza nilikuwa na kazi. Siku ya pili nilikuwa na wageni. Siku ya tatu nilianza kujaza fomu saa tatu ya usiku. Ilipofika saa tano na nusu nilikuwa nimebakiwa na ukurasa mmoja. Stima ikapotea.

Mtaa mzima uliingia gizani na feni ikasimama. Mashine haikuzimika, nami nikashukuru. Picha ndogo ya betri ilisema asilimia 56. Nilikadiria kuwa nina muda wa kutosha, nikauvuta mtandao kwa simu yangu, nikaendelea kuandika bila haraka. Dakika 6 hazijaisha vizuri, na picha ile ikisema bado asilimia 46, kiwambo kikawa cheusi. Hakikufifia kwanza, wala hakikuaga. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Taa ya chungwa iliwaka mara moja chini ya plasta, ikazimika. Nilitoka nikabisha kwa jirani mwenye jenereta, alikuwa amesafiri. Stima ilirudi saa saba kasorobo. Mlango wa maombi ulikuwa umefungwa.

Asubuhi yule mama alipita na madumu yake ya maziwa akielekea sokoni. Nilimweleza habari ya stima, ya giza na ya mashine. Nilieleza kwa urefu, kama asemavyo mtu anayejitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, hiyo mashine haikukwambia kwamba inachoka?"

"Iliniambia, mama," nikajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

Alinyamaza kidogo. "Basi yenyewe haina kosa," akasema, akainua madumu yake, akaenda zake.

Juma lile aliuza mbuzi wawili katika soko la mifugo, akalipa karo. Binti alikuwa amekosa masomo ya siku tisa. Nilikwenda kwake na fedha za kumfidia. Alipokea nusu, na nusu ya pili akanirudishia, akisema niitumie kuitengeneza mashine, kwa kuwa watu wa mtaa bado wanaitegemea. Nimepata kukaripiwa mara nyingi maishani mwangu, lakini hakuna karipio lililonichoma kama fadhila ile.

Jioni ile nilibandua plasta, nikaliruhusu onyo liseme tena, nikaketi kufanya kazi ambayo ilinipasa kuifanya miezi minne nyuma. Nitakueleza hatua zake moja baada ya moja, kwa maana yamkini nawe unayo, au utakuwa nayo, mashine kuukuu inayolalamika.

Kwanza yafaa kujua betri ni kitu gani. Betri za vipakatalishi vya siku hizi ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa wataalamu watatu ambao utafiti wao ulizileta duniani: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Ndani ya kila seli mna pande mbili, na chembe za lithiamu husafiri baina ya pande hizo. Ukichaji, chembe huhamia upande mmoja. Ukitumia, hurejea upande wa pili. Lakini katika kila safari chembe chache hunasa zisirudi tena. Baada ya safari mamia kadhaa, zilizonasa huwa nyingi, na betri haiwezi tena kubeba mzigo wake wa zamani. Joto huharakisha uharibifu huo, na kuiacha betri imejaa pomoni mchana kutwa katika joto ni kuizeesha kabla ya wakati wake. Katika mji ambao joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, betri haiwezi kutimiza umri ambao ingeutimiza katika nchi ya baridi.

Fikiri juu ya bwawa la kuvunia maji ya mvua, mfano wa yale yachimbwayo kwa ajili ya mifugo wetu. Lilipochimbwa lilikuwa na kina cha mita nne, na mti wenye alama ukasimamishwa ndani yake ili kupima maji. Kila mvua huleta maji, na huleta tope pia. Tope hutuama chini. Baada ya miaka mingi maji yaweza kugusa alama ya mita tatu, na mtazamaji wa mbali akafurahi, ilhali mita mbili za chini ni tope tupu. Mti ule haukusudii kudanganya. Unasimulia habari za bwawa la zamani. Hivyo ndivyo zilivyokuwa asilimia 56 za mashine yangu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuandika. Nilichukua daftari, na kila onyo lilipotokea nikaandika saa, asilimia iliyosomwa, kama chaja imeunganishwa, na kazi niliyokuwa nikiifanya. Siku mbili zilitosha kunionyesha mambo mawili. Onyo lilitokea zaidi mashine ilipokuwa na kazi nzito, hata kama chaja imeunganishwa. Na asilimia haikupita 60 hata baada ya kuchaji kutwa nzima. Mashine iliyounganishwa na umeme tangu asubuhi haina sababu ya kutojaa ifikapo jioni. Kwa hiyo shaka yangu ya kwanza ilikwenda kwenye chaja.

Hatua ya pili ilikuwa kusoma maandishi madogo, ambayo watu wengi huyapuuza. Chini ya mashine paliandikwa kuwa yataka volti 19.5 na ampea 3.34, ukizidisha namba hizo unapata wati 65. Juu ya chaja yangu paliandikwa volti 19.5 na ampea 2.31, yaani wati 45. Chaja ya asili ilikuwa imekufa zamani, nami nilinunua hii kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na plagi yake iliingia. Kuingia si kufaa. Wati 45 zilitosha kuiendesha mashine katika kazi nyepesi, lakini kazi ilipokuwa nzito hazikusalia za kuilisha betri. Na wakati mwingine mashine ilikopa kwenye betri huku waya umo ukutani. Niliazima chaja ya wati 65 kwa mwalimu mwenzangu. Ilipofika jioni betri ilisoma asilimia 100.

Nilifurahi, nikadhani kazi imekwisha. Nilichomoa waya, na baada ya dakika 24 taa ya chungwa ikapepesa tena. Hapo nilijifunza kuwa kupata kosa moja si kupata makosa yote. Mgonjwa aweza kuwa na malaria na mwiba mguuni kwa wakati mmoja, na dawa ya malaria haitoi mwiba.

Hatua ya tatu ilikuwa kutafuta kumbukumbu za betri yenyewe. Mashine zinazoendeshwa kwa Windows zina amri, powercfg /batteryreport, ambayo huandika ripoti ya maisha ya betri. Katika ripoti hiyo tazama namba mbili: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo iliyonao sasa ikijaa. Betri yangu iliundwa na uwezo wa wati-saa 47.5. Sasa ilikadiriwa kuwa na wati-saa 17.1, yaani theluthi moja na ziada kidogo. Tope lilikuwa limejaa bwawani.

Hatua ya nne ilikuwa kujaribu. Mashine yangu katika kazi ya kawaida hutumia wati 18 hivi; kwa hiyo wati-saa 17.1 zingeniendesha dakika 57. Niliijaza betri, nikahifadhi kazi zangu zote mahali pengine, nikachomoa waya, nikaweka saa mezani. Onyo lilipepesa kama lilivyopepesa jana yake, na mashine ikazimika katika dakika ya 31, ikisema kuwa ingali na asilimia 45. Basi hata ile theluthi haikuwapo yote. Shahidi niliyemwamini ndiye aliyekuwa amekosea, na yule niliyemziba kinywa ndiye aliyekuwa mkweli.

Hatua ya tano ilikuwa kusahihisha kipimo. Asilimia ile hupatikana kwa kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mwenye duka anayeandika magunia yaingiayo na yatokayo lakini hafungui ghala kuyatazama. Makosa madogo ya hesabu hujilimbikiza, na baada ya muda daftari husema hivi na ghala husema vile. Dawa yake ni kuijaza betri kabisa, kuiacha ipumzike kwa saa moja au mbili, kuitumia bila waya mpaka mashine ijizime yenyewe, kisha kuijaza tena bila kukatiza. Jambo hili hufanywa mara moja baada ya miezi kadhaa, wala si kila siku, kwa kuwa kuikausha betri mara kwa mara nako huidhuru. Nilipomaliza, ripoti iliacha kusema wati-saa 17.1, ilisema 9.5. Kusahihisha kipimo hakukuniongezea hata tone moja la maji. Kuliniondolea uongo, na hilo lilikuwa faida, kwa kuwa mtu hawezi kupanga safari kwa maji asiyokuwa nayo.

Hatua ya sita ilikuwa kukiri mwisho wa maarifa yangu. Nilipeleka mashine kwa fundi mjini. Betri haifai kufunguliwa nyumbani, kwa sababu seli ya lithiamu ikitobolewa au ikigusanishwa vibaya yaweza kuwaka moto. Fundi alikuwa na mita na mazoea. Alinionyesha kuwa betri ile ina seli sita zilizopangwa jozi tatu, jozi moja nyuma ya nyingine. Jozi mbili zilikuwa na nguvu za kadiri. Jozi ya tatu ilianguka upesi kila ilipopewa kazi, na jozi moja ianguka mno, mlinzi aliyemo ndani ya betri huukata umeme wote ili kuepusha hatari. Msafara huenda mwendo wa ngamia wake aliye dhaifu. Ndiyo sababu kiwambo changu kilikufa ghafula usiku ule, ilhali hesabu ilisema karibu nusu ya akiba imebaki.

Nilimwuliza kwa nini onyo na asilimia havikupatana. Alisema kuwa katika mashine yangu onyo lilitokana na kupima volti, yaani msukumo wa umeme wa wakati ule ule, na asilimia ilitokana na hesabu iliyowekwa tangu zamani. "Volti inaona leo," akasema. "Hesabu inakumbuka jana."

Alipangusa vumbi lililoziba feni ya ndani, kwa maana mashine isiyopumua hujipika na kuipika betri yake. Akanitafutia betri mpya yenye volti zile zile, na chaja ya wati 65. Vyote viwili kwa pamoja vilinigharimu kasoro ya bei ya mbuzi mmoja. Nakuomba, msomaji, ulifikiri jambo hilo kama nilivyolifikiri mimi njiani nikirudi nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mithali hiyo haikusema ni nani atakayeujenga. Mara nyingi mwenye kuupuuza ufa si yeye auangukiwaye na ukuta.

Na kabla sijaliacha jambo la betri, pokea wasia mmoja. Ukiona betri imevimba, au kibodi imeinuka, au pana harufu ngeni, hiyo si habari ya kupimwa na mwanafunzi. Usiichaji tena, usiitoboe, usiiache juani. Mpelekee fundi. Na betri iliyokufa isitupwe jaani wala isichomwe pamoja na takataka.

Sisi watu wa nchi kavu tulipaswa kuwa mabingwa wa kusikiliza maonyo. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya hali ya kaunti 23 za nchi kame, Garissa ikiwamo, na kueleza kama kaunti iko katika hali ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 mvua ilitupa kisogo misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika Kenya. Mfugaji anayeuza sehemu ya kundi lake wakati wa tahadhari hupata bei ya mnyama. Anayengoja dharura hupata bei ya ngozi, kama akiipata.

Lakini wazee wetu walijua jambo jingine pia. Habari ya malisho au ya mvua ilipofika kambini, hawakuhama palepale kwa kuisikia, wala hawakuicheka. Walichagua watu wenye macho makali, wakawatuma kwenda kuitazama nchi. Kazi hiyo Wasomali huiita sahan. Waliotumwa walishika udongo, walitazama majani, waliuliza njiani, kisha wakarudi na neno la kweli. Onyo lolote lastahili sahan yake. Kuliamini bila kulipima ni woga. Kulizima bila kulipima ni kiburi. Mimi ningaliitumia siku moja kusoma maandishi ya chaja, na dakika 31 kutazama saa mezani, binti yule asingalikosa masomo ya siku tisa, na mbuzi wawili wangalikuwa malishoni.

Huenda wewe huna kipakatalishi. Lakini u na kichwa kinachouma kila usomapo jioni. U na alama za somo moja zinazoshuka kidogo kila muhula. Una rafiki aliyekuwa akicheka na sasa hacheki. Hizo nazo ni taa za rangi ya chungwa. Kabla ya kuzibandika plasta, andika daftarini ulichokiona, tafuta sababu iliyo karibu, ijaribu, na ukiipata moja usidhani kuwa umezipata zote. Maarifa yako yakifika mwisho, nenda kwa mwenye mita.

Muhula uliofuata mfuko ule wa karo ulifungua tena mlango wa maombi. Mama alikuja na karatasi zake siku ya kwanza, nami nikaijaza fomu siku ile ile, mchana, yeye mwenyewe ameketi kando yangu. Tulipokwisha kuituma, niliona kuwa hakuwa akinitazama mimi wala kiwambo. Alikuwa akiitazama ile taa ndogo ubavuni.

"Leo imesema nini, mwalimu?" akaniuliza.

"Leo imenyamaza, mama," nikamjibu. "Imenyamaza yenyewe."